Kilo za Kibindoni

Katika idara yetu ya miavuli, uongo ulikuwa na kipimo chake. Ukidanganya kidogo, wewe mzembe. Ukidanganya sana, wewe mwizi. Ukidanganya sawasawa, wewe mhandisi.

Usinikunjie uso. Chombo cha kupeleka watu angani hujengwa na idara nyingi, na kila idara hupewa uzito wake isiouvuka: viti kiasi hiki, betri kiasi kile, miavuli ya kushukia kiasi kile. Chombo kikizidi, roketi haikifikishi. Basi kila mwenye akili timamu huandika kwamba kitu chake ni kizito kuliko kilivyo, na ile tofauti huifunga kibindoni. Siku mzee Nambiar, mkuu wa uzito, akipita na panga lake kukata kilo, wewe unalia, unashika kichwa, unawataja wanaanga na mama zao, kisha unatoa kilo mbili kana kwamba umeng'olewa figo. Nambiar naye hakuzaliwa jana. Akihitaji kumi anaomba ishirini. Sisi tunatoa nusu, yeye anapata alichotaka, na sote tunashuka kantini kula ndizi za kukaanga. Ni kama soko la Chala la mjini kwetu, ila wachuuzi wana shahada.

Mkuu wetu alikuwa Ambika. Tulimwita Chechi, dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Mimi, Thankachan, nilikuwa msaidizi wake, na kazi yangu ya pili ilikuwa kumchekesha, maana mwenyewe alisahau. Kibindoni mwake mlikuwa na kilo kumi na moja. Tulijua yeye na mimi tu.

Asubuhi moja ya mvua Nambiar aliingia karakana yetu bila kubisha. Juu ya meza ndefu tulikuwa tumetandaza mwavuli mkuu wa tatu, tukikagua mishono. Akasimama mbele yake kama mtu aliyefika msibani.

"Ambika, chombo kimezidi kilo hamsini na tano."

Nikacheka. "Mzee, leo umeamka na njaa. Yaani unataka ishirini na saba."

"Nataka hamsini na tano."

"Haya, thelathini, na chai nalipa mimi."

"Thankachan, nyamaza kidogo." Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na tone la maji. "Sikuongeza hata moja. Namba za injini mpya zimetoka. Haisukumi kama tulivyoahidiwa. Roketi imepungukiwa, kwa hiyo chombo lazima kipungue."

"Na kisipopungua?" Ambika aliuliza.

Nambiar alivaa miwani. Aliutazama ule mwavuli mezani, na hapo hata mimi nikaacha kutabasamu.

Miavuli mikuu ilikuwa mitatu. Miwili inatosha kukishusha chombo baharini na watu wake wakiwa wazima. Wa tatu umewekwa kwa ajili ya siku ambayo mmoja utagoma. Uzito wake ni kilo hamsini na kitu. Mtu anayetafuta kilo hamsini na tano, akiuona umekaa pale hauna kazi ya kila siku, unadhani atatazama wapi pengine?

"Mkurugenzi ameshauliza kuuhusu," Nambiar alisema. "Mara mbili."

Alipotoka nilimwambia Ambika, "Huo ni ujanja mpya tu. Safari hii amejifunza kuigiza."

Ambika alinionyesha sahani iliyokuwa pembeni ya meza. "Hajagusa ndizi."

Nikaitazama sahani. Ndizi nne, za moto, za bure. Nambiar ninayemfahamu mimi hajapata kuiacha ndizi ya bure hata siku aliyong'olewa jino.

"Anasema kweli," alisema Ambika, akakaa juu ya kasha la kamba. "Na hakuna atakayemwamini."

Nilijua anachokiona kichwani. Mwaka uliotangulia tulidondosha chombo cha mfano kutoka kwenye ndege, kule bara kwenye nyanda kavu, na mwavuli mmoja ulitoka umejisokota kama nguo iliyokamuliwa. Ulishuka hivyo hivyo mpaka chini, ukipigapiga hewani. Ile mingine miwili ikabeba mzigo. Watu walipiga makofi. Ambika alikwenda nyuma ya gari akatapika.

*

Kikao kilikuwa Jumatatu. Wakuu wa idara wote walikuja, na mwishoni mwa meza alikaa Kapteni Jaspal, rubani wa Punjab, mmoja wa wale watatu waliochaguliwa kupanda. Alikuwa amekaa kwetu kusini muda wa kutosha kuupenda muhogo kwa mchuzi wa samaki kuliko alivyopenda mazoezi.

Nambiar alitaja namba yake. Wakuu wakaanza kulia, kila mmoja kwa zamu, kwa ustadi wa miaka. Basheer wa betri alitoa kilo sita huku sauti ikimkatika. Mtu wa viti akatoa tano, akaomba maji. Walipomaliza, jumla ilikuwa karibu nusu kabisa, na watu wakaanza kukusanya makaratasi yao, wachangamfu kama wamemaliza kupatana mahari.

"Bado," Nambiar alisema.

Wakacheka.

"Jamani, bado. Nimesema hamsini na tano."

"Mzee, sherehe imekwisha," Basheer alisema. "Usitake tukupe na suruali."

Mkurugenzi alitazama saa. Alikuwa mtu mwenye haraka na si mbaya, jambo ambalo ni la hatari zaidi kuliko ubaya. "Kama idara zimefika mwisho, tutaondoa mwavuli wa tatu. Miwili inatosha kwa hesabu. Nitasaini Ijumaa ya wiki ijayo."

Jaspal aliinua mkono kama mwanafunzi. "Samahani. Huo wa tatu, ndio wa upande wangu?"

Watu walicheka, halafu kicheko kikafa kila mtu akiwa bado mdomo wazi.

Ambika akasimama. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakunitazama hata.

"Nina kilo kumi na moja zisizokuwepo," alisema. "Niliandika kamba za miavuli yangu ni nzito kuliko zilivyo. Nimewadanganya tangu tuanze. Naziweka mezani zote, sasa hivi, na sina nyingine."

Umewahi kumwona mtu shuka limemvuka sokoni? Watu hawamcheki mara moja. Kwanza kila mmoja hushika la kwake.

"Chechi," Basheer alisema polepole, "unatuaibisha."

"Sijakutaja, Basheer."

"Hujanitaja, lakini umenitazama!"

"Nimewatazama wote. Naomba jambo moja. Kesho kila mtu alete kitu chake chenyewe ukumbini, kile kitakachopanda, akiweke juu ya mizani ya Nambiar mbele ya wenzake. Namba za kwenye karatasi tuziache ofisini."

Hakuna aliyeunga mkono. Lakini Jaspal alikuwa bado anatutazama, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kabisa, na hakuna aliyeweza kusema hapana mbele ya macho yale.

*

Upimaji ule uliwavua watu nguo. Betri ya Basheer ilipowekwa mizanini, sindano ilisimama mapema mno. Basheer akasema labda ni unyevu wa mvua. Nambiar akasema unyevu huongeza uzito, hauupunguzi, akaandika. Mtu wa viti alikuwa na kilo saba ambazo nadhani hata mkewe hakuzijua. Wanaanga wenyewe wakapimwa, na Jaspal akakutwa amezidi kilo nne juu ya alichojaza. Katika shirika zima, yeye peke yake alikuwa amedanganya kuelekea upande wa pili.

"Kapteni," nilimwambia, "hizo nne ni muhogo."

"Ni misuli, Thankachan."

"Misuli gani hiyo inayotikisika ukicheka?"

Tulicheka, ndiyo, lakini kila jioni Nambiar alipojumlisha tulikuwa tumesimama nyuma yake kama ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji. Siku ya mwisho, kila kibindo kikiwa kimekung'utwa hadi vumbi, zilikuwa zimebaki kilo kumi na nane.

Kumi na nane haikuwa kidogo. Huwezi kutoa theluthi ya mwavuli. Unakuwepo wote au haupo.

Tulirudi karakana. Wasichana wa kushona walikuwa wamekwenda kula, na mvua ilikuwa ikipiga mabati. Ambika alipitisha kiganja juu ya kitambaa, huku na huku, kama anayemlaza mtoto.

"Thankachan, kwenye kikao nani hakulia?"

Nikafikiri. "Wote walilia. Basheer alistahili tuzo."

"Soman hakulia."

Soman alikuwa mkuu wa injini. Mtu mpole, mweupe wa nywele, asiyependa kelele. "Soman hakuombwa kilo," nikasema. "Injini yake haimo kwenye chombo. Yeye tatizo lake ni kusukuma."

"Sisi tunaoficha uzito, tunaandika vitu ni vizito kuliko vilivyo. Mtu wa injini akitaka kujiwekea akiba, anaandika nini?"

Niliweka kikombe chini. Kwamba injini yake ni dhaifu kuliko ilivyo. Mizani ya Nambiar ingepima hadi kiama isione kitu.

*

Tulikwenda kwa Soman Jumapili baada ya ibada yangu, tukamkuta barazani na shuka jeupe kiunoni, anamenya kitunguu kwa amri ya mkewe. Tuliletewa muhogo na samaki kabla hatujaketi vizuri. Ambika hakugusa.

"Soman chetta," alisema, na alilitamka hilo la kaka mkubwa kwa heshima yote, "injini yako inasukuma kiasi gani?"

"Kiasi nilichoandika."

"Na kamba zangu zilikuwa nzito kama nilivyoandika."

Soman aliendelea kumenya. Kitunguu kiliisha maganda, akaendelea, akawa anamenya kitunguu chenyewe.

"Mnaikumbuka ile ya kwanza," alisema mwishowe.

Nani asiyeikumbuka? Injini ya kwanza ilipasuka ikiwa imefungwa kwenye kituo cha majaribio. Hakufa mtu, kwa kudra tu. Paa la banda lilikutwa kwenye shamba la mikorosho la watu. Tangu siku ile Soman hufunga mlango kwa mikono miwili, taratibu, usije ukalia.

"Niliambiwa nisukume zaidi kwa sababu kuna idara ilihitaji kilo," alisema. "Nikasema inawezekana. Nilikuwa na haraka ya kuonekana mtu mzuri. Hii mpya inaweza zaidi ya nilivyoandika, sibishi. Lakini watu watatu watakaa juu yake, Ambika. Nafasi iliyopo kati ya inachoweza na nilichoandika ndiyo inayonipa usingizi."

"Mimi usingizi wangu ni mwavuli wa tatu. Watu ni walewale."

"Wasipoondoka salama, mwavuli wako hauna kazi."

"Ndipo unapokosea, chetta." Ambika alisogea mbele mpaka magoti yao yakakaribiana. "Injini yako ikiharibika, mtambo wa dharura unakivuta chombo pembeni. Kisha kinashuka kwa nini? Kwa miavuli yangu. Betri ya Basheer ikizima, kuna nyingine, na ikizima hiyo, wanarudi chini, kwa miavuli yangu. Kila mmoja wenu akianguka kuna mtu nyuma yake wa kumdaka. Nyuma yangu kuna bahari tu."

Mke wa Soman, aliyekuwa mlangoni na bakuli la wali, aligeuka akarudi jikoni nalo.

Soman aliweka kisu chini. "Sitoi namba kwa kuombwa tena. Niliapa. Nitaiwasha. Alhamisi, kwa nguvu yake yote, kwa muda wote wa safari na robo zaidi. Ikivumilia nitaandika upya."

"Isipovumilia?"

"Isipovumilia, wewe huna mwavuli, mimi sina injini, na Jaspal anarudi kwao kuendesha ndege za kawaida." Akamsogezea sahani. "Kula basi. Samaki anapoa."

*

Kituo cha kuwashia injini kiko ng'ambo ya vilima, upande wa jimbo jirani la Tamil Nadu, mahali penye upepo usiokoma na mbuzi wasiojali. Nambiar alikuja. Jaspal alikuja, ingawa hakualikwa. Basheer alikuja akasema yuko njiani kwenda kwa shemeji yake, na hakuna aliyemuuliza shemeji gani anayekaa pale. Tulijazana ndani ya chumba cha zege, mbali na injini, tukiitazama kwenye runinga: chuma kimefungwa kwenye mnara, kinafuka moshi mweupe wa baridi, kimetulia kama ng'ombe anayekamuliwa.

Soman alikaa mbele. Chini ya kidole gumba chake kulikuwa na kitufe cha kuzimia. Pembeni yake Latha, fundi wa vipimo, alikuwa akisoma mtetemo. Kulikuwa na mstari mwekundu. Mtetemo ukiufikia, unazima, na ukichelewa kuzima, paa linakwenda mikoroshoni. Lakini ukizima mapema kwa woga, jaribio halihesabiki, na kesho yake ni Ijumaa.

Sikuwa na utani. Niliutafuta, sikuuona.

Ikawaka. Ukuta wa zege ulinisukuma mgongoni, na kikombe cha mtu kikatembea mezani chenyewe hadi kikadondoka. Hakuna aliyekiokota.

"Nguvu uliyoandika," Latha alisema kwa sauti ya juu. "Inapita. Inapanda."

Alama kwenye kioo ilianza kutambaa kuelekea mstari mwekundu.

"Bosi, mtetemo."

"Naona."

"Unapanda, bosi."

"Naona, Latha."

Nilimwangalia Ambika. Angeweza kusema neno: shikilia, kaka, kidogo tu. Wakati ule neno moja lingetosha kumsukuma yule mzee upande wowote. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili na midomo ameibana mpaka imekuwa mstari. Baadaye aliniambia kwamba mtu aliwahi kumwambia Soman sukuma, na hakutaka kuwa wa pili.

Ngozi ya kidole cha Soman ilibonyea juu ya kitufe, kitufe chenyewe hakijashuka. Alama ikaufikia karibu kabisa mstari. Ikasimama pale, ikitetemeka kama mtu anayetafuta chafya. Haikupanda. Haikushuka. Basheer alikuwa akisema kitu kwa Kiarabu chini ya pumzi, na mimi Mkristo nilikuwa namwitikia.

Kisha kelele ikakatika, na ukimya ukatuziba masikio.

Soman hakuondoa kidole.

"Chetta," Ambika alisema. "Imezimika yenyewe. Muda umekwisha."

"Ngoja," alisema. Alikaa hivyo kitambo, kisha akakiinua kidole polepole, kama mtu anayejitoa kitandani bila kumwamsha mtoto.

Hakutuambia lolote hadi chuma kilipopoa. Alikwenda mwenyewe na tochi, akaingiza kichwa na mabega ndani ya koo la injini, akakaa humo muda ambao Nambiar alimaliza kufuta miwani, akaanza upya. Aliporudi alikuwa na masizi hadi masikioni.

"Haina ufa," alisema. "Ina nguvu ya kubeba kilo thelathini za ziada, na zaidi. Natoa ishirini."

"Kumi zilizobaki?" Nambiar aliuliza, kalamu mkononi, mazoea yakimtoka kabla ya akili.

"Hizo sizitoi. Na sizifichi. Andika kwamba zipo, kwamba nimezizuia mimi, na sababu yake."

"Sababu gani?"

"Kwamba naogopa."

Nambiar alipekua karatasi zake, mbele na nyuma. "Hakuna mahali pa kuandika hivyo."

"Patengeneze."

Nambiar alifikiri, akachora kisanduku pembezoni mwa karatasi kwa mkono, akaandika ndani yake. Basheer akasogea kuchungulia. Kisha akasema, akitazama pembeni, kwamba kama kisanduku kina nafasi, yeye pia ana betri moja inayopata joto asivyoipenda.

Ambika alipiga simu karakana. Niliisikia sauti yake, kavu, ya kazi: "Msiuondoe mezani. Ndiyo, wa tatu. Malizeni mishono, tutaukunja Jumatatu." Alikata simu, akakaa kwenye ngazi ya zege.

"Thankachan," alisema. "Bado tuna majaribio mawili ya kudondosha. Ikikatika kamba moja, nikahitaji nene zaidi, nitatoa wapi uzito?"

Aliyejibu ni Soman, akijifuta masizi kwa leso iliyozidi kuyasambaza. "Utakuja kuomba. Mchana kweupe, mbele ya watu wote."

"Na nikikosa?"

Upepo ulikuwa unavuma na mbuzi walikuwa wamerudi kula karibu na mnara, kana kwamba hakukutokea kitu. Jaspal, ambaye swali lile lilikuwa lake kuliko la yeyote kati yetu, aliketi ngazi moja chini ya Ambika, akafungua pakiti ya njugu, akamsogezea yeye kwanza.